Shamari ya kuoka: mmeuliza, najibu

Maswali ya shamari yamekuwa mengi na karibu yote hayahusu mbegu, yanahusu kile kichwa chenyewe, cheupe chini, mabua ya kijani juu na majani membamba kama nyuzi. Nimechukua yale yanayojirudia. Yanayofanana nimeyaunganisha, msinune.

Nimeoka shamari dakika 40 nzima, imetoka laini ila nyeupe pee, imelowa maji na haina ladha yoyote. Oveni yangu mbovu?

Oveni yako nzima kabisa, shida ni msongamano. Shamari karibu asilimia 90 ni maji, sasa ukiijaza kwenye trei ndogo vipande vimelaliana, yale maji yakitoka hayana pa kwenda, yanageuka mvuke na unachokula hapo ni shamari ya kuchemsha iliyopitia oveni. Chukua trei pana yenye kingo fupi, sio bakuli refu la kuokea, panga vipande safu moja na kila kimoja kipate nafasi yake, ule upande uliokatwa uangalie chini. Moto uwe nyuzi 220 za Selsiasi, na oveni iwe imeshapata moto kabla hujaingiza kitu, tena ukiweza acha trei yenyewe ipate moto humo ndani kwanza. Ukiosha shamari ikaushe kwa kitambaa, maji yanajificha sana katikati ya zile tabaka.

Mafuta usiyaonee huruma, vichwa viwili vinataka kama vijiko viwili vya mezani, na vipake kwa mkono hadi yaingie kwenye mikunjo, kumwagia juu juu haitoshi. Afu usiifungue oveni kila dakika kuchungulia. Kwenye dakika ya 20 hivi utasikia mlio umebadilika, mwanzoni ni ule mchirizo wa maji yanayotoka, baadae unatulia na harufu inakuwa ya utamu, hapo ndo unageuza. Inua kipande kimoja uone chini, ukingo uwe umeshika rangi ya kahawia na nyama ya katikati imeacha weupe na inapitisha mwanga. Ikiwa bado nyeupe iache, usiiguse. Ukishageuza inataka tena dakika 10 mpaka 15. Watu wengi wanatoa mapema kwa kuogopa kuunguza, mi nasema ile kahawia iliyokolea pembeni ndo sababu ya kuwasha oveni, bila hiyo bora ungekula mbichi na chumvi.

Vipande vyangu vinaachana vyote, naishia na majani majani kwenye trei, mengine yameungua mengine mabichi.

Unakata kitako chote, si ndio? Kile kitako cha chini, pale mizizi ilipokuwa, ndo kinashika tabaka zote pamoja. Wewe kata ncha yake tu, ile iliyokauka na kubadilika rangi, basi. Kisha simamisha kichwa, kisu kitoke juu kipasue mpaka kipite katikati ya kitako, upate nusu mbili, kila nusu ikate vipande vitatu au vinne na kila kipande kiondoke na kidogo cha kitako. Upande mnene uwe kama sentimita 2. Kitako kinaliwa vizuri tu kikiiva, ni kigumu kikiwa kibichi, kwenye oveni kinalainika, hivyo achana na wanaokwambia ukichongoe kama cha kabichi.

Tabaka la nje likiwa na mabaka au nyuzi nene litoe au limenye kama unavyomenya karoti, na ukinunua chagua kichwa kizito, kigumu ukikibonyeza, chenye majani mabichi, kile kilichoanza kupasuka pasuka mara nyingi kimekomaa sana na kina nyuzi.

Mume wangu hataki kabisa, anasema nampikia dawa ya kikohozi. Kuna njia ya kupunguza ile harufu?

Pua yake haijamdanganya, ile harufu inatokana na anetholi, kemikali ya asili ambayo ipo pia kwenye kiungo cha anisi na hutiwa kwenye pipi na dawa nyingi. Ukiioka inapungua kwa sababu harufu hiyo inapaa na joto, na huku sukari ya shamari yenyewe inazidi kujitokeza, ndo maana aliyekimbia kachumbari ya shamari mbichi anaweza kula ya kuoka asijue ni mdudu yule yule. Kwa hiyo kwake oka zaidi, vipande vyembamba kidogo, rangi ikolee, mwisho kamulia limau na ukune jibini gumu lenye chumvi juu. Changanya na viazi au vitunguu kwenye trei hiyo hiyo visaidie kuificha. Na tafadhali usimwagie mbegu za shamari juu kwa huyo mzee, ni kumchokoza. Akikataa na hapo, mwachie, zinabaki nyingi zaidi kwako.

Sina oveni. Nisahau?

Usisahau, kikaango kizito chenye mfuniko kinaifanya vizuri tu. Mafuta, moto wa wastani, laza vipande upande uliokatwa chini na usivisogeze dakika 6 au 7 mpaka vishike rangi, geuza, tia chumvi na maji robo kikombe, funika kama dakika 10 hadi kisu kipenye kitako bila kubishana, afu funua uache maji yakauke yote na vikaangike tena kidogo. Hiyo hatua ya mwisho ndo watu wanairuka, wanaona imeiva wanaepua na majimaji yake.

Kitunguu saumu, asali, jibini, limau, vyote naweka lini? Mimi natia vyote mwanzoni na vinaungua.

Mwanzoni ni mafuta, chumvi na pilipili manga tu. Kitunguu saumu kama ni punje nzima na ganda lake kinaweza kuingia mapema, ila kilichokatwa katwa subiri dakika 10 za mwisho, asali na jibini hivyo hivyo, dakika 5 mpaka 10 zinatosha. Maji ya limau ukishatoa.

Mabua na majani nitupe?

Hapana jamani. Majani yakate kate unyunyize juu wakati wa kupakua, oveni usiyaingize yatakauka yawe moshi. Mabua yana nyuzi, tia kwenye supu ya samaki au kuku kisha yatoe.

Nina aleji ya selari, nimeambiwa nisiguse shamari. Kweli?

Kweli inawezekana. Shamari, selari, karoti na giligilani ni familia moja ya mimea na wapo watu ambao aleji ya kimoja inaamka na kwa kingine, kwa hiyo muulize daktari wako kabla ya kuonja, usijaribie jikoni. Na kwa kuwa tumegusa familia, usichume shamari pori kama huna uhakika, kuna ndugu zake wenye sumu kali wanaofanana nayo majani.

Nikioka nyingi inakaa?

Kwenye friji kwenye chombo chenye kifuniko, siku 3 hadi 4. Kupasha moto usitumie mikrowevu, inarudisha ule ulaini wa maji tuliokuwa tunaukimbia, rudisha kwenye kikaango kikavu upande wa kahawia chini dakika chache. Mimi kiporo chake napenda baridi, nakikata vipande vidogo, natia chungwa lililomenywa, zeituni nyeusi na mafuta ya zeituni kidogo, chumvi naonja kwanza maana zeituni zinakuja na ya kwao.