"Brood" ni neno la joto, si la damu

SWALI: Mwalimu, natafsiri mwongozo wa ufugaji kuku kutoka Kiingereza. Neno "brood" linanichanganya: mara ni vifaranga, mara ni kuatamia, mara ni kuwaza kwa huzuni. Nimesoma kwamba limetokana na "blood", yaani damu, na kwamba ni ndugu wa "bird" na "bread". Je, nikishika maana ya "uzao wa damu moja" nitakuwa salama kote?

JIBU: Hutakuwa salama, na watakaolipia kosa hilo ni vifaranga wa msomaji wako.

Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa "brōd", na mzizi wake unahusu kupasha joto. Ndugu zake halisi ni "Brut" na "brüten" ya Kijerumani, "broeden" ya Kiholanzi, na "breed" ya Kiingereza chenyewe. Kuku hulalia mayai ili kuyapa joto. Wanaotoka chini ya joto hilo wakapewa jina hilohilo. Na kufikia karne ya 16, anayeng'ang'ania wazo moja bila kuliachia akafananishwa na kuku juu ya mayai. Maana zako tatu ni moja.

Hiyo habari ya damu nakutana nayo kila mara, na inachosha. Watu husikia maneno mawili yanafanana, wanayaozesha, kisha wanawafundisha wengine. Asili ya neno hufuatwa kwa mabadiliko ya sauti yanayojirudia. Tazama: "fōda" ikawa "food", na kitenzi chake "fēdan" kikawa "feed". Vivyo hivyo "brōd" ikawa "brood", na "brēdan" ikawa "breed". Damu ina jozi yake yenyewe, "blōd" na "blēdan", na huanza na bl tangu mwanzo. Hakuna kanuni inayoigeuza l hiyo kuwa r. "Bread" ilikuwa "brēad", irabu nyingine kabisa. "Bird" ilikuwa "bridd", kinda la ndege. Liliwahi kuhusishwa na "brood", lakini irabu zake zilikataa.

Sasa rudi kwenye mwongozo wako. Wafugaji wanaposema "brooding", mara nyingi hawazungumzii mayai. Ni kulea vifaranga kwa joto baada ya kuanguliwa, ndani ya bruda, yaani chumba au sanduku lenye kipasha joto: takriban nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi wiki ya kwanza, kisha kupunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka manyoya yaote. Kuatamisha mayai kwa mashine yenye feni ni nyuzi 37.5, siku 21 kwa kuku. Ukiandika "kuatamia" mahali pa "kulea", msomaji ataweka mayai kwenye nyuzi 33, na viinitete vingi vitakufa kabla ya kuanguliwa. Ukikosea upande wa pili, vifaranga watapewa joto la mayai, nao watahema midomo wazi, watatanua mabawa na kukimbilia pembeni, mbali na taa.

"Broody hen" ni kuku anayetaka kuatamia, wala hana huzuni yoyote. "A brood" ni vifaranga walioanguliwa pamoja. Kwa nyuki, andika "majana", neno ambalo wafugaji wa nyuki wanalo tayari.

Utakutana pia na "clutch", mayai ya mtago mmoja, na hapo wabahatishaji watakwambia ni mayai "yaliyoshikwa" pamoja, kama klachi ya gari inavyoshika. Si kweli. "Clutch" ya mayai imepitia "cletch" na "cleck", kutoka "klekja", kuangua, katika lugha ya kale ya Skandinavia. Ya gari inatoka "clyccan" ya Kiingereza cha kale, kukunja vidole. "Hatch" nayo ni maneno matatu yaliyogongana: kuangua, mlango mdogo wa melini, kutoka "hæcc", na kuchora mistari sambamba, kutoka "hacher" ya Kifaransa. Kamusi nzuri huyapa vidahizo vitatu, yaani maingizo matatu tofauti, vyenye namba 1, 2 na 3. Anayekupa asili ya neno bila kukuonyesha umbo lake la zamani na sauti zilizobadilika, usichukue lolote kutoka kwake, hata kama maelezo yake ni matamu. Na programu za kutafsiri zikikupa "kizazi" kila penye "brood", futa, kisha uliza kwanza: hapa joto linakwenda kwa yai, kwa kifaranga, au kwa wazo?