Nilimdai mzee wa kanisa kwenye kundi la kwaya, sasa nimeonywa mimi

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 26, mweka hazina wa kwaya katika ushirika wetu wa Moravian huku Uyole, Mbeya. Mwezi wa kwanza mlezi wa kwaya, ambaye ni mzee wa kanisa, alikopa Sh 180,000 za kwaya, akaahidi kurudisha akishavuna mahindi. Mahindi yamevunwa na kuuzwa, yeye kimya. Wanakwaya wakaanza kuniuliza mimi. Nikamwandikia kwenye kundi letu la WhatsApp, watu 40 wakisoma, kwamba arudishe "fedha ya Bwana". Jumapili mchungaji akanisimamisha mbele ya kwaya nzima akasema sina adabu. Tangu hapo siendi mazoezini. Je, kijana haruhusiwi kumwonya mzee? Na hii aibu yangu niipeleke wapi?

JIBU: Asifiwe, dada. Kijana anaruhusiwa. Walawi 19:17 inakataza kumchukia ndugu moyoni, na papo hapo inaagiza jirani akemewe, usije ukabeba dhambi kwa ajili yake. Mambo hayo mawili yamo katika aya moja kwa sababu anayekaa kimya huku moyo unachemka tayari ameanza kuchukia. Kwa hiyo kudai hukukosea. Ulikosea mlango wa kupitia.

Mathayo 18:15 inasema, "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Neno la Kigiriki lililotafsiriwa "ukamwonye" ni elenkho, yaani kuleta jambo kwenye mwanga, kumwonyesha mtu mpaka aone. Ndilo lilelile la Yohana 16:8, Roho atakapouhakikisha ulimwengu kwa habari ya dhambi. Halina kelele ndani yake. Na ukifanikiwa, Yesu anasema "umempata nduguyo", kwa neno la kibiashara, lile la mtumwa aliyechuma talanta tano juu ya tano. Wewe mweka hazina utalielewa haraka: kuonya kunapimwa kwa faida, na faida ni mtu, hata kabla ya laki na themanini. Ujumbe wako wa kundini ulikuwa kweli tupu, lakini ulimwacha mzee na njia mbili tu mbele ya watoto wake wa kwaya: akiri kwa fedheha au ajitetee. Wengi hujitetea.

Huenda umeambiwa pia kwamba deni si lako, hivyo halikuhusu. Baadhi ya nakala za kale za Mathayo, zikiwamo mbili kongwe za karne ya 4, hazina ile "ku" ya "akikukosa". Zinasema tu "akikosa". Hata ukifuata usomaji wa Biblia yetu, daftari liko mikononi mwako na maswali yanakujia wewe. Linakuhusu.

Sasa umri. Paulo anamwandikia Timotheo, naye alikuwa kijana: "Mzee usimkemee, bali umwonye kama baba" (1 Timotheo 5:1). "Usimkemee" hapo ni neno lenye picha ya kupiga kwa kishindo, na katika Agano Jipya limetumika mara hiyo moja tu. "Umwonye" limetoka shina moja na Msaidizi, jina la Roho Mtakatifu: kumwita mtu kando, kumsihi. Mzee anaonywa, ila kwa sauti ambayo ungeitumia kwa baba yako mzazi. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini binti akiwa na neno kwa mzee hutuma mtu. Nia ni njema, lakini mjumbe ni sikio la tatu, na Yesu alitaka masikio mawili kwanza.

Kabla ya kwenda, fungua daftari. Andika tarehe ya mkopo, kiasi, nani alikuwepo, na ahadi kwa maneno yake mwenyewe. Jiulize kama kamati iliridhia. Kama iliridhia, hilo ni deni lililochelewa, na neno "kula fedha ya Bwana" halimo. Kama wewe mwenyewe ulimpa bila kamati kujua, hiyo ndiyo boriti yako ya Mathayo 7, ianze kutoka kwanza.

Usimkabili mlangoni mwa kanisa kabla ya Meza ya Bwana, wala msibani, wala kwa simu. Aya ya pili ya 1 Timotheo 5 inadai "usafi wote" kati ya kijana na wanawake. Kwenu ninyi, ambapo binti ndiye anayemwendea mzee, sharti ni lilelile. Kwa hiyo kaeni mahali mnapoonekana ila hamsikiki: benchi la nje ya kanisa mchana, au uani kwake mkewe akiwa jikoni. Robo saa inatosha. Mwambie hivi: "Shikamoo baba. Nimekuja kwanza kuomba radhi kwa kukuandika kundini kabla ya kuja kwako. Pili, ile laki na themanini ya mwezi wa kwanza bado haijaingia, na wanakwaya wananiuliza. Naomba unisaidie nijue tufanyeje." Kisha nyamaza. Hapa ndipo wengi huharibu: mtu anaanza kufikiri, wewe unaongeza la mwaka juzi, na lile la harusi, na lile alilosema fulani. Leta jambo moja. Huenda mvua ilimharibia, huenda ada ya mtoto imemeza fedha ya mahindi, huenda anaona aibu tu. Akikubali, pendekeza Sh 30,000 kwa mwezi kwa miezi sita, mwandike nakala mbili, kila mtu na yake.

Usimwonye kwa maombi. Nalisema kwa sababu limezoeleka kwenye jumuiya zetu: mtu anafumba macho na kusema, "Bwana, waguse wanaokalia mali yako," na watu wote wanajua anasemwa nani. Huko ni kumtumia Mungu kama mjumbe, na anayeombewa hivyo hana hata nafasi ya kujibu.

Asiposikia, mpe majuma mawili, kisha rudi na mtu mmoja au wawili. Hao ni mashahidi kwa kanuni ya Kumbukumbu la Torati 19:15, si washabiki wako. Mchukue katibu aliyekuwepo siku ya mkopo, na mzee mwenzake anayemheshimu. Mama yako asiwemo, wala rafiki yako wa sauti ya kwanza. Ikishindikana, ndipo baraza la wazee. Kwa kuwa yeye mwenyewe ni mzee wa kanisa, 1 Timotheo 5:19 inakataza mashtaka juu yake bila mashahidi wawili au watatu, kwa hiyo bila hatua ya pili hutafika popote. Na hata akitengwa akawa "kama mtoza ushuru" (Mathayo 18:17), kumbuka Mathayo, ambaye kwa mapokeo ndiye aliyeandika injili hiyo, alikuwa mtoza ushuru, na aliitwa akiwa mezani pake pa kazi.

Utasema, mbona Paulo alimpinga Petro mbele ya wote? Soma Wagalatia 2:11-14 polepole. Petro alijitenga mezani hadharani, na hata Barnaba akachukuliwa. Kosa lilikuwa tayari sebuleni na lilikuwa linakokota wengine. Deni la mzee wako lilikuwa chumbani; wewe ndiye uliyelitoa sebuleni.

Utaratibu huu wa hatua haufuniki uhalifu. Mtoto akidhuriwa, au mtu akipigwa au kubakwa, hakuna kukutana "peke yenu" wala kusubiri majuma mawili: ni polisi, dawati la jinsia na watoto, au simu 116 kwa habari za mtoto. Aliyetumia Mathayo 18 kuficha mambo kama hayo ameitumia vibaya.

Sisi Wamoravian hasa hatuna kisingizio. Kabla wamishenari hawajafika Rungwe mwaka 1891, wazee wao wa imani kule Herrnhut, Ujerumani, waligombana mpaka karibu wasambaratike. Tarehe 12 Mei 1727 wakatia saini mapatano ya namna ya kuishi pamoja, na tarehe 13 Agosti wakashiriki Meza ya Bwana ambayo tunaikumbuka mpaka leo. Kwanza walipatana, Meza ikafuata.

Sasa karipio ulilopewa na mchungaji. Sauli na Daudi wote walisema, "Nimefanya dhambi." Sauli akaongeza, "uniheshimu sasa mbele ya wazee wa watu wangu" (1 Samweli 15:30). Daudi aliishia hapo. Kwa Kiebrania kukiri kwake ni maneno mawili tu. Mchungaji alikosea namna, maana sheria ya "peke yenu" inamfunga naye, na unaweza kumweleza hivyo ofisini kwake baada ya wiki, kwa upole, kama baba. Lakini kama siku hizi umeitafuna namna yake ili usimeze ukweli wake, unamfuata Sauli. Rudi mazoezini Alhamisi hii. Na kwa kuwa ulikosea kundini, tengeneza kundini: "Nilileta hapa jambo la mlezi wetu kabla ya kumwona. Nilikosea, naomba radhi kwake na kwenu. Jambo lenyewe tunalizungumza mahali pake." Usiandike "kama nimemkwaza mtu", maana umemkwaza. Wala usifute deni kwa ajili ya kupendeza.

Wagalatia 6:1 wanaagiza aliyeghafilika arejezwe upya, kwa neno lilelile linalotumika Marko 1:19 kwa Yakobo na Yohana wakizitengeneza nyavu zao. Ukiwaona wavuvi wa Matema wakifanya kazi hiyo utaelewa: wavu uliochanika haukatwi, unafuatwa tundu kwa tundu. Basi fungu la sita likishaingia mwandikie risiti, na lile kundi lililosikia deni lisikie pia kwamba limelipwa lote, kwa sentensi moja, bila nyongeza.