Mwite mchongaji kabla ya zege

SWALI: Shikamoo Mzee wa Patasi. Ninasimamia ujenzi wa jengo la ofisi la ghorofa nane, Msasani, Dar es Salaam. Nguzo za ghorofa ya tatu zimesimama, ila uwanja wa mbele bado ni kifusi. Bosi karudi safarini anasema anataka "kitu cha sanaa" mbele ya mlango, na nitumie chenji itakayobaki mwishoni. Msanii nimpate wapi, nimlipe ngapi, na kazi ikiisha ni mali ya nani?
– Msimamizi, Msasani

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo neno chenji ndilo limenifanya nikujibu wewe kabla ya wenzako. Umewahi kuona wapi jengo limeisha na pesa ikabaki? Lifti itakula, jenereta litakula, marumaru zitapanda bei zikiwa bandarini. Mwishoni utaniita mimi unipe nauli.

Yamenikuta. Taasisi moja ya hapa mjini iliniita jengo likiwa limeshapakwa rangi. Nikawatengenezea sanamu ya mama na mwanawe, chuma na zege, kama kilo 400. Siku ya kumpeleka, tumemlaza kwenye lori la mchanga, mhandisi akaniuliza, "Mzee, huyu anakaa wapi?" Nikamwonyesha mbele ya mlango. Akacheka. Chini ya pale ni maegesho ya magari, na slabu, yaani sakafu ya zege, haikupigiwa hesabu ya mzigo ule. Tukampeleka nyuma, ubavuni mwa jenereta. Mara ya mwisho kupita, mlinzi alikuwa ametundika koti lake la mvua kwenye mkono wa yule mama. Angalau mkono umepata kazi.

Ninyi mmechelewa kidogo, hamjapotea. Wiki hii kaa na msanifu na mhandisi, mchague mahali. Mhandisi apige hesabu ya uzito, bolti zifungwe kwenye nondo kabla zege halijamwagwa, na bomba la waya wa taa lipite chini kwa chini. Leo hiyo ni kazi ya siku moja. Marumaru zikishalala ni kubomoa na kulaumiana.

Kuhusu pesa, iingie kwenye BOQ, ile orodha ya vifaa na gharama za ujenzi, kama mlango na dirisha. Kule Philadelphia, Marekani, tangu 1959 anayejenga kwenye ardhi ya mamlaka ya uendelezaji wa jiji hutenga asilimia 1 ya gharama ya ujenzi kwa ajili ya sanaa. Ndivyo walivyopata, mwaka 1976, kibanio cha nguo cha chuma cha mchongaji Claes Oldenburg, kirefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu, mkabala na ukumbi wa jiji. Kibanio hikihiki cha kuanikia nguo! Jengo la shilingi bilioni 5, asilimia 1 ni milioni 50. Bosi akishtuka, mwombe nusu yake. Na mwambie mapema kwamba hizo haziingii zote mfukoni mwa msanii: humo mna malighafi, mafundi wa kuchomelea, kreni, msingi na taa.

Wasanii wapo. Zunguka Mwenge kwa wachongaji, uliza TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, uliza walimu wa sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chagua watatu, kila mmoja alete modeli ndogo, na kila modeli uilipie hata kama hukuichukua. Huu mtindo wa "leteni tuone" bila senti moja unafukuza mafundi wazuri, unabaki na wenye njaa.

Mpingo usiweke nje, jua litaupasua, ukae mapokezi. Na hapo Msasani mna upepo wa chumvi. Chuma cha kawaida kitalia kutu juu ya marumaru zenu kabla mwaka haujaisha. Kama ni chuma, dai stenlesi ya 316, chuma kinachohimili kutu ya chumvi.

Kabla hamjachagua chochote, simama pale asubuhi saa mbili uone watu wanapita wapi. New York mwaka 1981 mchongaji Richard Serra aliweka ukuta wa chuma wa mita 36 na ushee katikati ya uwanja wa ofisi za serikali. Wafanyakazi wakachoka kuuzunguka kila siku, kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 1989 ukakatwa vipande ukaondolewa. Mimi kazi ile naipenda. Lakini mimi sikuwa naizunguka nikienda kununua chai.

Sanamu yenyewe itakuwa ya bosi. Hakimiliki, msipoandikiana vingine, ni ya msanii kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na ana haki ya kutajwa jina na ya kupinga kazi yake kuharibiwa. Kwa hiyo bosi asiamke siku moja akaipaka rangi ya kampuni. Andikeni kwenye mkataba nani ataiosha, kwa sabuni gani, na ikibidi kuihamisha msanii aarifiwe miezi mingapi kabla. Malipo yawe kwa awamu: kusaini, modeli kukubaliwa, kusimikwa.

Swali langu kwako ni moja tu: slabu ya mbele mnamwaga lini?