Kope limelegea baada ya Botox: ufanye nini

Pole sana, dada uliyeuliza kuhusu kope lako. Kope la juu kushuka siku ya sita baada ya kuchomwa Botox (sindano ya kulainisha mikunjo) katikati ya nyusi ni tatizo linalojulikana: dawa imepenya hadi kwenye msuli unaoinua kope na kuulegeza. Hutokea zaidi sindano ikichomwa karibu mno na ukingo wa mfupa wa jicho. Hakuna dawa ya kuifuta. Huisha yenyewe, mara nyingi ndani ya wiki chache, hata kama mikunjo hubaki imelainika miezi 3 hadi 4.

Usilikande, na tafadhali usikubali kuongezewa sindano ya "kusawazisha" sasa. Muone daktari wa macho; anaweza kukuandikia matone ya apraklonidini ya asilimia 0.5, yanayoinua kope milimita 1 au 2 kwa saa kadhaa. Muulize aliyekuchoma alitumia dawa gani na yuniti ngapi. Katikati ya nyusi, kipimo cha kawaida cha Botox ni yuniti 20, na cha Dysport, dawa nyingine ya aina hiyo, ni 50. Anayechanganya vipimo hivyo anaweza kuzidisha dozi.

Ukipewa jentamaisini (antibiotiki), taja sindano hii ya Botox, maana huongeza ulegevu. Ukimeza kwa shida, sauti ikibadilika au pumzi ikibana, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama wiki kadhaa zimepita.