Re: Mtoto wa miezi 40 na PDMS-2, kuna ubaya nikimsaidia kidogo?

Mkuu, usimpime huyo mtoto Jumatatu kwa mpango ulioandika. Umesema ana miezi 40, boksi lako la PDMS-2 (kipimo cha stadi za misuli, mikubwa na midogo, kwa watoto wadogo) limepungukiwa vitofali na mkasi kwa hiyo utatumia vitu vya kuchezea vilivyopo, mama yake atakaa karibu kumtia moyo, na "akikwama nitamwonyesha kidogo asikate tamaa, halafu nitajumlisha alama kama kawaida". Hapo kwenye "kama kawaida" ndipo penye balaa. Mengine uliyouliza, muda, muundo wa ripoti na lini urudie kipimo, yasubiri kwanza.

Alama sanifu ya PDMS-2, ile inayosomwa kwenye jedwali kulingana na umri, inamlinganisha huyo mtoto na watoto 2,003 wa Marekani na Kanada waliopimwa kwa maneno yaleyale, vifaa vilevile na kanuni zilezile za majaribio. Ukibadilisha maneno, kifaa au kiasi cha msaada, jedwali la nyuma ya kitabu halimhusu tena. Namba itatoka tu, na kwenye karatasi itapendeza kama namba nyingine yoyote. Mwalimu, daktari na mzazi watakaoisoma hawatakuwa na njia ya kujua kwamba haina thamani. Ni sawa na kupima uzito huku kidole chako kimebonyeza mizani.

Watu wengi hudhani msaada mdogo unaongeza alama moja tu. Sivyo, na hili ndilo ningetaka kila anayeanza kazi hii alielewe kabla hajashika penseli. Kila kipengele kinapewa 0, 1 au 2. Kutoka kipengele cha kuanzia, unarudi nyuma ikibidi mpaka mtoto apate 2 mara tatu mfululizo, kisha unasonga mbele mpaka apate 0 mara tatu mfululizo, na hapo unasimama. Sasa chukua mtoto aliyepata 0, akapata 0 tena, na kwenye kipengele cha tatu wewe ukamgeuzia karatasi kidogo akapata 1. Hujaongeza alama moja. Umevunja ule mfululizo wa sifuri tatu, kwa hiyo kipimo kinaendelea. Stadi za watoto wadogo hazipandi kama ngazi, zina mabonde na vilima, kwa hiyo mbele huko ataokota 1 hapa, 1 pale, pengine hata 2. Mwisho wa sehemu una alama ghafi (zile za kujumlisha tu, kabla ya jedwali) tano au sita ambazo hazikupaswa kuhesabiwa, zote zimetokana na kugusa karatasi mara moja.

Peleka hizo kwenye jedwali. Kwa kila sehemu wastani ni 10 na mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kuuzunguka wastani, ni 3. Alama sanifu 6 ni takriban pasentaili ya 9, yaani amewafikia au kuwazidi watoto kama 9 tu kati ya 100 wa umri wake, na inaitwa chini ya wastani. Alama 8 ni pasentaili ya 25, na inaitwa wastani. Kwa hiyo mtoto aliyestahili tiba anarudi nyumbani na karatasi inayosema yuko sawa, na mzazi aliyekuwa na wasiwasi wa haki anaambiwa apunguze wasiwasi.

Halafu kuna gharama ya pili, ambayo huonekana mwaka mmoja baadaye. Mtaalamu mwingine anampima mtoto yuleyule kwa kufuata mwongozo, na alama inashuka. Kwa anayesoma faili, hiyo inaweza kuonekana kama picha ya mtoto anayepoteza stadi alizokuwa nazo, na kwa mtoto mdogo hiyo ni dalili isiyopuuzwa: lazima atafutwe ugonjwa wa ubongo, wa neva au wa misuli. Familia inazungushwa kwenye vipimo na kukosa usingizi, kumbe hakuna kilichopotea. Kipimo cha kwanza ndicho kilichopandishwa. Mafaili ya namna hii yapo, nimeyasoma, na huwa yanatia uchungu kwa sababu kila aliyehusika alikuwa na nia njema.

Wa kulaumiwa ni wale wakufunzi na wasimamizi wanaowaambia wanafunzi kwamba "mtoto mdogo hapimwi kama roboti, mrekebishie kidogo". Sentensi hiyo inasikika ya huruma, ndiyo maana inaambukiza. Wanaisema, kisha hawasemi nusu ya pili: kwamba ukishamrekebishia, alama sanifu haiandikwi tena. Wanamwachia mwanafunzi aondoke na ruhusa bila sharti lake. Niiteni askari wa mwongozo, sawa, nimelikubali hilo jina. Huruma kwa mtoto ni kumpa matokeo ya kweli.

Na msaada mwingi hauonekani kama msaada. Kuweka kitofali kwenye mkono unaodhani ndio wenye nguvu. Kutazama mahali sahihi kabla yeye hajapatazama. Kusema "taratibu, hapo hapo" anapojenga mnara. Kuonyesha kwa mikono pale mwongozo uliposema utoe maneno tu. Kumwongezea jaribio la nne kwa sababu la tatu "lilikaribia". Kusifia kwa sauti ya juu akipatia na kunyamaza akikosa, maana mtoto wa miaka mitatu anaisoma sauti yako vizuri kuliko maelekezo yako. Sifia juhudi, kwa sauti ileile, apatie asipatie. Kama unatafsiri maelekezo kwa lugha ya mtoto, andika tafsiri moja kabla, itumie neno kwa neno, na usiipambe ukiona amekwama. Kisha taja kwenye ripoti kwamba ulitafsiri.

Kanuni yangu ni moja: alama kwanza, msaada baadaye. Maliza sehemu nzima mpaka sifuri tatu zipatikane. Jaza fomu. Ndipo urudi kwenye vipengele alivyoshindwa, ukiwa na kalamu ya rangi nyingine na karatasi tofauti, na umsaidie utakavyo, lakini msaada mmoja kwa wakati, kuanzia mdogo: rudia maneno, kisha onyesha, kisha mshikie karatasi, mwisho kabisa shika mkono wake. Andika ni msaada upi uliofungua mlango. Mtoto anayeshindwa kunakili msalaba kutoka kwenye kadi, lakini anauchora vizuri baada ya kukuona ukiuchora, ana shida tofauti na yule ambaye hata baada ya kukuona mistari yake haikatani. Anayekata vizuri pale tu unapomshikia karatasi anakuambia uangalie ule mkono wa pili, usio na mkasi. Hayo ndiyo yatakayopanga tiba yako, na hakuna jedwali litakalokupa.

Kumkalisha vizuri hakumo kwenye msaada ninaoukataza. Nyayo zikae chini imara, meza iwe usawa wa viwiko, na hayo yote yafanyike kabla ya kipengele cha kwanza. Mtoto anayening'iniza miguu anapoteza alama za mikono kwa sababu ya kiti.

Vitofali vya kipimo ni vya inchi 1, yaani sentimita 2.5 kila upande. Vikubwa zaidi hujaza kiganja na kubadilisha namna ya kushika, na vile vya plastiki vinavyonasana huondoa kabisa ugumu wa kujenga mnara, kwa sababu haviwezi kuanguka. Kama huna vinavyolingana, usibuni. Fahirisi ya misuli midogo, yaani alama ya jumla ya kazi za mikono, inahitaji sehemu mbili zote, kushika na uratibu wa macho na mikono. Moja ikiharibika, fahirisi nzima haipo. Misuli mikubwa haiguswi na tatizo hilo, kwa sababu inajengwa na sehemu zake yenyewe: kutulia na mizani ya mwili, kutembea na kuruka, na kucheza na mpira.

Pa kuanzia usipate tabu, fomu yenyewe inaonyesha kwa umri. Hata kama alizaliwa njiti, kwa miezi 40 humpunguzii umri tena; marekebisho yanakoma kwenye miezi 24. Akikataa kufanya, kukataa siyo sifuri ya kushindwa. Simamisha, mpumzishe, au malizia siku nyingine iliyo karibu.

Kama kuna mtoto uliyekwisha kumpima kwa mtindo wa "kidogo kidogo", futa alama sanifu, pasentaili na umri-linganifu (umri ambao alama zake zinafanana nao) kwenye ripoti yake. Bakiza maelezo ya alichofanya na msaada aliopewa, na useme wazi kwamba utaratibu ulibadilishwa.

Jumatatu pima misuli mikubwa tu. Mama akae nyuma ya mtoto, siyo mbele yake, na umwambie kabla hamjaanza: "Mama, leo tunaangalia anachoweza mwenyewe. Akikosa usimwambie kitu, nitakuashiria wakati wa kumsaidia ukifika." Sehemu za mikono zifungue ukishapata vitofali na mkasi unaolingana na mwongozo, siyo kabla.