Uliza Tukujibu: Umefaulu Ukilinganishwa na Nini?

Ndugu wahariri, salaam. Mimi ni mjumbe wa kamati ya baraza. Tuliendesha mafunzo kwa vijana ili kupunguza wizi. Mwaka wa kabla ya mradi kesi zilikuwa 240, mwaka huu ni 150. Mwenzangu anasema hesabu hiyo haithibitishi kitu. Ana hoja, au ni wivu tu? – Mjumbe

Ana hoja, ndugu Mjumbe, hata kama na wivu upo. Miradi ya namna hii huanzishwa mambo yanapochacha, na mwaka mbaya kupita kiasi kwa kawaida hufuatwa na wa afadhali, mradi uwepo usiwepo. Tena mlizohesabu ni kesi zilizoripotiwa. Wananchi wakikata tamaa ya kusaidiwa na polisi, kesi hupungua huku wizi ukiendelea. Kwa hiyo pitieni pia kaya zenyewe mkaulize: katika miezi 12 iliyopita, kuna aliyeibiwa hapa?

Marekani walijifunza hili kwa gharama. Miaka ya 1970, katika jela ya Rahway, New Jersey, vijana wakorofi walipelekwa kufokewa na wafungwa wa kifungo cha maisha ili waingiwe na hofu. Filamu kuhusu mpango huo ilishinda tuzo ya Oscar, na majimbo mengine yakauiga. Baadaye watafiti walikusanya majaribio 9 ambamo vijana waligawanywa kwa kura, wengine wakapelekwa jela na wengine wakaachwa. Waliopelekwa ndio waliorudia makosa zaidi. Kabla ya hapo kila kijana aliyetulia alihesabiwa kuwa ushindi wa mpango, ingawa wengi wangetulia wenyewe kadiri umri unavyosogea.

Mnachohitaji ni kundi la kulinganisha, na kulipata si lazima kumnyima mtu haki yake. Fedha hazitoshi kuanza kila mahali siku moja, basi foleni hiyo ipangwe kwa kura. Ndivyo Mexico ilivyofanya na Progresa, mpango wa mwaka 1997 wa kuwapa akina mama maskini fedha kwa sharti kwamba watoto wasome na familia ihudhurie kliniki. Kati ya vijiji 506 vilivyochaguliwa kwa tathmini, 320 vilianza mwaka 1998 na 186 vikasubiri mpaka mwishoni mwa 1999. Vyote vilikuwa na hali zinazofanana, kwa hiyo watoto walipoongezeka sekondari, hasa wasichana, palikuwa na cha kulinganisha. Mwaka 2000 chama kilichotawala kwa miaka 71 kilishindwa uchaguzi. Serikali mpya haikuufuta mpango wa mahasimu wake, bali iliupanua na kuubadili jina. Ushahidi ule ulichangia sana.

Kwenu, orodhesheni mitaa yote inayostahili. Chukueni takwimu za mwanzo kabla ya kura, kisha chezesheni kura hadharani kupata mitaa itakayoanza na itakayosubiri. Andikeni mapema kipimo kimoja kikuu. Mkipima vitu 20, kimoja kitaonekana kizuri kwa bahati tu. Na idadi ya mitaa ina uzito kuliko idadi ya watu: kuhoji watu 1,000 katika mitaa 2 ni kulinganisha mtaa na mtaa, basi. Mkiwa na chini ya mitaa 15 hivi kila upande, ni mabadiliko makubwa tu yatakayoonekana.

Yanayoharibu ni mawili. La kwanza, vijana wa mitaa inayosubiri kujipenyeza kwenye mafunzo. La pili ndilo tunalokutana nalo zaidi: wameanza vijana 100, wamemaliza 60, ripoti inahesabu 60. Waliotoroka huenda ndio walioiba. Wahesabuni wote 100.

Habari za kazi? Utafiti wa maoni umehoji watu 1,200. Wanawezaje kusema kwa niaba ya mamilioni? – Mwanafunzi

Wanaweza, mradi wawe wamechaguliwa kwa nasibu, yaani kwa bahati kama kwenye kura. Sampuli ya watu 384 hukupa kiwango cha makosa cha asilimia 5, yaani jibu la kweli kwa kawaida haliachani na lililopatikana kwa zaidi ya hapo, juu au chini. 1,067 hukupa asilimia 3. Ukitaka kupunguza makosa kwa nusu, uongeze sampuli mara nne. Ukubwa wa nchi karibu hauhusiki. Ila wahojiwa wakichukuliwa kwa mafungu, mtaa kwa mtaa, hufanana, na watu 1,200 wanaweza kuwa na uzito wa 600 tu, yaani makosa ya asilimia 4. Gazeti likichomoa vijana 100 kutoka humo na kutangaza “vijana wasemavyo”, makosa yanafika 10. Hapo geuza ukurasa.

Wingi peke yake hauokoi. Mwaka 1936 jarida la Marekani la Literary Digest lilirudishiwa karatasi za maoni zaidi ya milioni 2, likatabiri Rais Roosevelt atashindwa uchaguzi. Alishinda majimbo 46 kati ya 48.

Soma pia swali lenyewe. Mwaka 1940 Wamarekani waliulizwa kama hotuba dhidi ya demokrasia ziruhusiwe. Asilimia 62 walisema zisiruhusiwe. Kundi jingine liliulizwa kama zipigwe marufuku, na waliokubali walikuwa asilimia 46 tu.

Tulimlipa mtafiti, akatuletea kurasa 180. Hakuna aliyezisoma. Tumkatae? – Ofisa mipango

Mlikosea nyote wawili, na kosa lilianzia kwenye mkataba. Kabla ya kazi kuanza, andikeni uamuzi unaosubiriwa, nani atausaini, na tarehe ya bajeti. Kisha mtafiti alete majedwali matupu, yenye vichwa bila namba. Jedwali ambalo haliwezi kubadili uamuzi, lifutwe, na maswali yake yatolewe kwenye dodoso. Ripoti iwe ukurasa 1 wa mambo makuu, 3 za muhtasari, 25 za maelezo. Mengine yawe viambatisho. Ongezeni kifungu kwamba matokeo yatachapishwa hata yakiwaudhi waliolipa.

Msimwombe awachagulie. Kwa mfano, anaweza kuwaambia kumbakiza mtoto mmoja shuleni kunagharimu kiasi gani kwa kila njia. Kama fedha hizo zitoke kwenye barabara au kwenye dawa, hilo ni la waliopigiwa kura.