Kitulo ya Julai nayo ni Kitulo

Mmeuliza wiki hii: Kitulo, hifadhi ya nyika yenye maua kusini mwa Tanzania, itangazwe kwa watalii mwaka mzima, au ibaki ya msimu wa maua, Novemba hadi Aprili? Mimi mzaliwa wa Matamba, jirani na hifadhi, nasema mwaka mzima. Inaniuma nikisikia eti maua yakiisha kule hakuna kitu. Mlima Mtorwi wenye mita zake 2,961 huhama?

Julai 2011 nilipanda nyikani na mjomba, alfajiri. Sakitu ilikuwa imelala juu ya nyasi, nyeupe, ikivunjika chini ya viatu kama chumvi ya mawe. Vidole vilikufa ganzi. Mjomba akasimama ghafla, akachuchumaa, akatenganisha nyasi. Kulikuwa na kishimo cha jembe cha tangu masika, na kando yake kiazi cha chikanda, yaani okidi inayochimbwa kwa ajili ya kuliwa, kimesinyaa, chepesi kama ganda la karanga. Akakiweka kiganjani mwangu.

“Okidi huwa na viazi viwili, mjomba. Hiki ndicho kilichotoa ua la mwaka huu. Kile kigumu kilikuwa cha mwakani, ndicho wachimbaji walichokwenda kuuza Zambia.”

Akakifukia kile kishimo kwa mguu, taratibu, akashindilia hadi pakawa sawa. Hatukusemeshana mpaka jua lilipochomoza. Nyika hiyo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya mimea hasa, na mimi nilikuwa nimesimama penye ua lisilokuja tena.

Tangu siku hiyo kila nikipita naangalia ninapokanyaga, na hapo ndipo jibu langu linapoyumba. Februari udongo umelowa, wageni huacha njia wakachuchumaa katikati ya maua wapigwe picha. Julai ardhi ni ngumu, viazi vimelala chini. Basi afadhali wengi waje kiangazi, na msimu wa maua waingie wachache, wakiongozwa na vijana wa kwetu. Kijana anayelipwa kuonyesha ua atalichimba la nini?

Najua dada yangu, mwenye vyumba vya wageni, hatakubali. Hao wa maua ndio wanaomsomeshea watoto. Na Julai mgeni anataka mablanketi matatu na maji ya moto. Kwa hiyo sisemi geti lifungwe Februari. Nasema njia zionekane wazi kabla ya mvua za Novemba, na atakayetoka nje ya njia arudishwe.